KUFYATUA NYUZI ZA FIDLA: Maelezo kwa Mwanafunzi Anayeanza, Pamoja na Uchunguzi wa Neno Lifaalo

Katika Kiswahili karibu kila ala ya muziki hupigwa. Ngoma hupigwa, kinanda hupigwa, zumari hupigwa ijapokuwa kazi yenyewe ni kupuliza, na fidla nayo hupigwa ijapokuwa mpigaji wake hana anachokigonga. Kwa mazungumzo ya kawaida neno hili moja latosha, kwani msikilizaji ataka kujua tu kwamba muziki ulikuwapo, na ni nani aliyeufanya. Lakini mara mtu aketipo mbele ya mwalimu na ala mkononi, neno hilo halimfai tena. Fidla yaweza kutoa sauti kwa njia mbili zilizo mbalimbali kabisa: kwa kupitisha upinde juu ya nyuzi, au kwa kuuvuta uzi kwa kidole na kuuachia. Mwalimu asemapo, "Piga uzi wa pili," mwanafunzi hana namna ya kujua ni ipi kati ya njia hizo mbili itakiwayo. Na ikiwa hajapata kuona kazi hiyo ikifanywa, aweza hata kuugonga uzi kama agongavyo mlango.

Makala haya yakusudia mambo mawili. La kwanza ni kueleza, kwa lugha ya kawaida, namna mtu anayeanza kujifunza fidla avyopaswa kuzitoa sauti nyuzi zake kwa kidole. La pili ni kuchunguza ni neno gani la Kiswahili linaloweza kulibeba jambo hilo bila ya kumpotosha mwanafunzi. Mambo haya mawili hayatengani. Katika kazi ya mikono, amri ya mwalimu ndiyo nusu ya somo, na amri iliyo na neno baya huzaa mwendo mbaya wa mkono, ambao baadaye ni taabu kuuondoa.

I. FIDLA NA NDUGU ZAKE WA PWANI

Fidla si ngeni katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905, na tangu zamani fidla imekuwa miongoni mwa ala za msingi za taarabu ya kisiwani, ikikaa safu moja na udi, ganuni na nai. Katika santuri ambazo Siti binti Saad na wenzake walizirekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, fidla yasikika ikiandamana na sauti ya mwimbaji. Katika kidumbak, ambayo ni ngoma ya watu wa kawaida iliyo jirani ya taarabu, fidla moja hubeba wimbo wote, ikisaidiwa na ngoma ndogo mbili, cherewa, mkwasa na sanduku.

Hata hivyo, katika muziki huo fidla hupigwa hasa kwa upinde. Kazi ya kuuvuta uzi na kuuachia imegawiwa ala nyingine. Mpiga udi hutumia risha. Mpiga ganuni huvaa pete katika vidole vya shahada vya mikono yote miwili, na kila pete hushikilia risha yake. Mpiga sanduku hana risha wala pete. Huuvuta uzi wake mmoja kwa mkono mtupu, huku mkono wa pili ukibadilisha mkazo wa uzi huo ili sauti ipande na kushuka. Kwa hiyo sikio la mtu wa pwani laijua vizuri sauti ya uzi uliovutwa na kuachiwa. Lililo jipya kwake ni kuitoa sauti hiyo katika fidla.

Yafaa pia kukumbuka zeze. Zeze la zamani la pwani lilikuwa ala ya kuvutwa nyuzi kwa vidole. Zeze la Wagogo hupigwa kwa upinde. Jina ni moja, na katika hali zote mbili watu husema kwamba zeze "hupigwa". Hapa yadhihirika kwamba Kiswahili kimezoea kuitaja ala na kuuacha mkono. Hilo si upungufu wa lugha, kwani lugha hutaja kile ambacho wasemaji wake wahitaji kukitaja. Haja ya kuutaja mkono huja pale somo linapohama kutoka kwa mtoto anayemwigiza baba yake nyumbani, likaingia katika darasa lenye wanafunzi ishirini na mwalimu mmoja.

II. DESTURI YENYEWE ILIKOTOKA

Katika Ulaya desturi hii ya kuzitoa sauti nyuzi za fidla kwa kidole ina umri wa karne nne au zaidi. Claudio Monteverdi, katika utungo wake uitwao Combattimento di Tancredi e Clorinda, uliochezwa Venice mwaka 1624, aliwaagiza wapigaji waweke pinde zao kando na kuzivuta nyuzi kwa vidole viwili. Leopold Mozart, baba wa Wolfgang Amadeus, alitoa mwaka 1756 kitabu cha kufundishia fidla, na humo akaeleza jinsi kidole gumba kitegemezwavyo kwenye ubao wa vidole na kidole cha shahada kifanyavyo kazi. Tena alionya kwamba uzi usishikwe kutoka chini na kunyanyuliwa, bali uvutwe kwa ubavu, la sivyo utarudi na kuugonga ubao. Onyo hilo halijapata kuzeeka. Walimu wa leo hulirudia kila siku.

Watungaji waliofuata waliipanua desturi hiyo. Niccolò Paganini, katika utungo wa mwisho wa tungo zake 24 za fidla peke yake zilizotolewa mwaka 1820, aliweka sehemu ambayo mkono wa kushoto wenyewe huzivuta nyuzi. Pyotr Tchaikovsky, katika simfoni yake ya nne iliyosikika kwa mara ya kwanza mwaka 1878, aliandika sehemu nzima ambayo wapigaji wote wa ala za nyuzi huviacha vipande vyao vya upinde na kutumia vidole tu. Béla Bartók alifanya vivyo hivyo katika sehemu ya nne ya utungo wake wa nne wa fidla mbili, viola na chelo, wa mwaka 1928.

Wataliani, ambao maneno yao yamekuwa maneno ya muziki wa Ulaya nzima, huliita jambo hili pizzicato, na neno hilo latokana na kitendo cha kufinya. Wafaransa nao walitumia neno lenye maana ya kufinya. Wajerumani husema zupfen, ambalo maana yake ni kuvuta kidogo kidogo, kama mtu avutavyo nyuzi za kitambaa. Basi hata katika Ulaya, kila lugha imechagua sehemu moja tu ya kitendo na kuifanya jina la kitendo kizima: wengine wamelitazama lile tendo la kushika, wengine lile la kuvuta. Kiswahili nacho kina haki ya kuchagua, na si lazima kichague lile lililochaguliwa na wengine.

III. NENO LIFAALO

Kuna maneno kadhaa yanayoweza kupendekezwa, na kila moja yafaa kupimwa kwa swali moja: mwanafunzi asiyejua lolote, akilisikia neno hili, mkono wake utafanya nini?

Kupiga kumekwisha kuelezwa. Ni neno la jumla, na libaki kuwa la jumla. Mtu na aendelee kupiga fidla, iwe kwa upinde au kwa kidole.

Kucharaza ni neno zuri, na watu husema "kucharaza gitaa" kwa kusifu. Lakini ndani yake mna wingi na mfululizo. Ni kazi ya mkono upitao juu ya nyuzi nyingi kwa haraka. Vilevile mtu hucharazwa bakora. Mwanafunzi aambiwaye acharaze atapitisha kidole juu ya nyuzi zote nne, na fidla, ambayo nyuzi zake zimepangwa kwa mviringo juu ya daraja, haitaki hivyo katika masomo ya mwanzo.

Kudonoa kwaonekana kuwa karibu zaidi, kwani kuna ncha na kuna wepesi. Lakini kuku anapodonoa, mdomo wake hushuka wima na kupanda wima. Kidole kikifuata mfano huo kitaingia chini ya uzi na kuunyanyua, na hilo ndilo kosa lenyewe ambalo Leopold Mozart alilikataza.

Kuvuta kwasema kweli, lakini kwasema nusu tu. Uzi uliovutwa bila ya kuachiwa hautoi sauti. Tena neno hili lina kazi nyingine katika fidla: upinde huvutwa unapotoka mwanzo wake kwenda kwenye ncha, na husukumwa unaporudi. Wafaransa husema hivyo hivyo, kuvuta na kusukuma. Ikiwa "vuta" ni amri ya upinde, si vyema iwe pia amri ya kidole.

Labaki neno kufyatua. Neno hili lina asili inayofaa kuangaliwa kwa makini. Kufyata ni kubana au kukaza kitu mahali pamoja: mbwa hufyata mkia, na mtu hufyata ulimi. Kwa kutiwa kiungo cha -u-, kitenzi hugeuka kikawa na maana ya kukitangua kile kilichofanywa kwanza, kama vile funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, na fuma huzaa fumua. Hiyo ndiyo kauli ya kutendua. Basi kufyatua ni kukiachia kwa ghafula kile kilichokuwa kimebanwa au kuvutwa. Mtego hufyatuliwa, manati hufyatuliwa, na tofali hufyatuliwa kutoka katika kalibu yake.

Ubora wa neno hili ni kwamba lachukua hatua zote mbili za kitendo pamoja. Hakuna kufyatua bila ya kwanza kubana na kuvuta. Na hakuna kufyatua ikiwa kilichovutwa hakikuachiwa. Mtoto aliyewahi kushika manati ajua tayari kwamba nguvu yote huwekwa katika mpira wakati wa kuvuta, na kwamba wakati wa kuachia mkono haufanyi kazi yoyote ila kujitoa njiani. Hilo ndilo somo lote la kidole juu ya uzi. Zaidi ya hayo, neno lina jamaa kubwa: uzi hufyatuka, mpigaji ni mfyatuaji, na kitendo chenyewe chaweza kuitwa mfyatuo.

Yaweza kupingwa kwamba neno hili lanuka baruti, kwa kuwa bunduki nayo hufyatuliwa, au kwamba lina ukali usiopatana na muziki. Lakini bunduki ilipata neno hili kutoka kwa mtego, wala si mtego uliolipata kwa bunduki. Na mtu asemapo kwamba neno limemfyatuka, hakuna anayefikiri juu ya risasi. Maana ya msingi ni kuachiliwa kwa ghafula. Kwa sababu hizo, katika maelezo yafuatayo neno litakalotumika ni kufyatua.

IV. KWA NINI MWANAFUNZI AANZIE HAPA

Walimu wengi wa fidla huanza kwa kufyatua, na upinde hufuata baadaye. Sababu zake ni tatu.

Ya kwanza ni kwamba upinde ni mgumu. Nywele za upinde, zilizopakwa utomvu mkavu wa msonobari, huushika uzi, huuvuta kidogo, kisha uzi huponyoka na kushikwa tena. Hermann von Helmholtz alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1863. Katika uzi wa A, kushikwa huko na kuponyoka hutokea mara 440 katika kila sekunde. Mkono ukikandamiza mno, uzi husaga meno. Ukilegea mno, uzi hupiga miluzi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza, akipewa upinde, hushughulika na upinde tu, na mkono wake wa kushoto husahauliwa.

Ya pili ni kwamba kidole hutoa sauti safi tangu siku ya kwanza, na mtu aliyesikia sauti safi hutaka kurudi kesho yake.

Ya tatu ni sikio. Fidla haina vizuizi katika ubao wake wa vidole kama vile gitaa lilivyo navyo. Mahali pa kila sauti hutafutwa kwa sikio peke yake. Uzi uliofyatuliwa haufichi kosa. Sauti huanza wazi, na ikiwa kidole kimekaa juu au chini ya mahali pake, sikio hutambua mara moja.

V. NAMNA YA KUFANYA

Kushika ala. Fidla yaweza kushikwa begani kama kawaida. Lakini katika masomo ya kwanza kabisa yaruhusiwa kuilaza mapajani au kuishika kifuani kama gitaa. Hali hiyo humwezesha mwanafunzi kuziona nyuzi na vidole vyake. Upinde na uwekwe mbali. Kucha za mikono yote miwili na zikatwe fupi.

Kuzijua nyuzi. Kwa ulinganishaji wa Kizungu, uzi mnene ni G, hufuata D, kisha A, na uzi mwembamba ni E. Mitetemo yake kwa sekunde ni kama 196, 294, 440 na 659. Katika muziki wa Kiarabu wapigaji wengi hulinganisha G, D, G, D, na mwanafunzi wa taarabu na amsikilize mwalimu wake kwanza. Mazoezi yafuatayo yafaa katika ulinganishaji wowote.

Kidole gumba. Ncha ya kidole gumba cha kulia huegemezwa kwenye pembe ya ubao wa vidole, upande wa uzi mwembamba. Hakikandamizi, chajitegemeza tu, kama mtu aliyeegemea nguzo. Pasipo egemeo hilo mkono wote huelea, na kidole cha shahada hakipati mahali pamoja pa kurudia.

Mahali pa kufyatua. Kidole cha shahada hukaa juu ya ubao wa vidole, kiasi cha vidole viwili kutoka mwisho wa ubao huo, yaani kama sentimita 9 au 10 kutoka kwenye daraja. Daraja ni kile kibao chembamba kinachozinyanyua nyuzi. Kuna sababu mbili za kuchagua mahali hapo. Kwanza, uzi ukifyatuliwa karibu na daraja hutoa sauti kavu na kali, kwa kuwa ile mitetemo midogo ya juu iliyochanganyika na sauti kuu hupata nguvu kupita kiasi. Ukifyatuliwa mbele zaidi, juu ya ubao, sauti huwa ya mviringo na laini. Pili, sehemu ya uzi iliyo baina ya daraja na mwisho wa ubao ni mali ya upinde. Jasho na mafuta ya kidole yakishika hapo, nywele za upinde huteleza badala ya kuushika uzi.

Kidole chenyewe. Uzi huguswa kwa nyama ya ncha ya kidole, wala si kwa ukucha. Nyama hutoa sauti nene. Ukucha hutoa sauti ya chuma. Kidole hujikunja kidogo tu, na kifundo cha mkono hubaki kimelegea.

Kufyatua. Kidole huusogeza uzi kwa ubavu, kuelekea uzi wa jirani, sambamba na ubao. Kisha hujitoa kwa mwendo wa mviringo mdogo, mbali na ala, na uzi hufyatuka. Ni lazima itiliwe mkazo kwamba uzi huenda kwa ubavu. Ukinyanyuliwa juu, utarudi chini kwa nguvu zile zile na kuugonga ubao, na sauti itakayosikika itakuwa ya kupasuka. Bartók aliitaka sauti hiyo kwa makusudi na akaiwekea alama yake. Mwanafunzi hutakiwa kwanza awe na uwezo wa kuiepuka.

Kusikiliza. Baada ya kufyatua, mkono hutulia na sikio hufanya kazi. Mwanafunzi na ahesabu polepole moja, mbili, tatu, nne, akifyatua katika moja na kusikiliza mpaka nne. Atagundua kwamba uzi wa G huvuma muda mrefu kuliko uzi wa E. Upinde huutilia uzi nguvu mpya kila mara, lakini kidole hutoa nguvu mara moja tu, na nguvu hiyo huisha upesi. Ikihitajika kuinyamazisha sauti kabla ya wakati wake, kidole hulazwa polepole juu ya uzi.

Mkono wa kushoto. Uzi mtupu ukizoeleka, vidole vya kushoto huanza kukandamiza. Hapa yahitajika nguvu kidogo zaidi kuliko katika upinde. Kidole kilicholegea huuzima uzi, na sauti hutoka kama ya kugonga ubao. Tena kidole kisiondoke mapema. Kikiondoka kabla ya sauti kuisha, sauti hukatika. Wanafunzi wengi hulaumu mkono wa kulia kwa kosa ambalo ni la kushoto.

VI. MAKOSA YANAYORUDI MARA KWA MARA

Kosa la kwanza, kunyanyua uzi, limekwisha kuelezwa. La pili ni kuukunja mkono wote kama ndoano, kwa kudhani kwamba sauti kubwa hutokana na nguvu za bega. Sauti kubwa hutokana na umbali ambao uzi umesogezwa kabla ya kuachiwa, na umbali huo ni mdogo. Ukisogezwa mno, mkazo wa uzi huongezeka, na sauti huanza juu ya kima chake kisha ikashuka, hata mwenye sikio zuri akadhani kwamba uzi umelegea.

La tatu ni haraka. Kidole kilichoachia uzi mmoja hukimbilia wa pili kabla ya wa kwanza kusema. Dawa yake ni ile hesabu ya nne iliyotajwa, tena kwa wiki kadhaa.

La nne hutokea upinde unaporudishwa mkononi. Mpigaji mzoefu hufyatua bila ya kuuweka upinde chini: vidole vitatu vya mwisho huubana upinde kwenye kiganja, na kidole cha shahada hunyooshwa kikawa huru. Anayeanza huubana upinde kwa nguvu hata kidole cha shahada nacho kikakakamaa. Yafaa afanye zoezi la kubadilisha tu, bila ya wimbo wowote: kufyatua mara nne, kuushika upinde sawasawa, kuvuta na kusukuma mara nne, kisha kurudi.

VII. ALAMA KATIKA MAANDISHI

Katika muziki ulioandikwa, mahali pa kufyatua huonyeshwa kwa herufi pizz., na mahali pa kurudia upinde kwa neno arco, ambalo kwa Kitaliani ni upinde. Agizo hudumu mpaka lifutwe na jingine. Alama ya msalaba mdogo juu ya noti humwambia mpigaji afyatue kwa mkono wa kushoto. Katika kitendo hiki cha mwisho neno kufyatua hupata maana yake iliyo kamili kabisa: kidole kile kile kilichokuwa kimeukandamiza uzi ubaoni ndicho kiuachiacho kwa kuuvuta kando, na uzi hufyatuka kutoka chini yake. Si kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, lakini ni vyema ajue kwamba ipo.

Herufi hizo za Kitaliani hazina budi kusomwa kama zilivyo, kwa sababu vitabu vya dunia nzima vimeziandika hivyo. Lakini kuzisoma ni jambo moja, na kuzieleza ni jambo jingine. Msomi wa Kurani huzisoma herufi za Kiarabu na kuieleza maana yake kwa Kiswahili, na hakuna anayeona ajabu.

VIII. YALIYO MBELE

Leo fidla hufundishwa madarasani. Dhow Countries Music Academy katika Mji Mkongwe wa Zanzibar imefundisha vijana wengi ambao wazazi wao hawakuwa wapiga taarabu, na ambao kwa hiyo hawakukua wakitazama mkono wa mtu mzima nyumbani. Kijana wa namna hiyo hutegemea maneno ya mwalimu kuliko alivyotegemea babu yake. Mwalimu akikosa neno, huchukua la kigeni. Na mwanafunzi hulishika kama ashikavyo jina la mtu, bila ya kupata ndani yake msaada wowote wa kazi. Atakapokuwa mwalimu naye, atalirithisha hivyo hivyo, na mwenzake asiyejua lugha za kigeni atadhani kwamba kuna siri kubwa mahali ambapo pana kidole na uzi tu.

Kwa upande wa pili wamo wazee waliopiga fidla, udi na sanduku kwa miaka arubaini au hamsini. Bila shaka walipokuwa wakiwarudi wanagenzi wao walitumia maneno, tena ya Kiswahili. Maneno hayo hayamo katika kamusi, kwa sababu watunga kamusi hawakuketi katika mazoezi ya taarabu. Ni kazi ya haraka kwa vyombo vya lugha, BAKITA na BAKIZA, pamoja na vyuo, kwenda kuwasikiliza wazee hao wakati wakifundisha, wala si wakati wakihojiwa. Maana mtu akiulizwa jina la kitendo husita, lakini akimwona kijana akikosea, neno humtoka lenyewe.

Huenda katika kusikiliza huko likapatikana neno bora kuliko kufyatua, na likipatikana, hili na liliachie nafasi. Kwa sasa, mwalimu aweza kulijaribu kesho asubuhi. Na awape wanafunzi wawili fidla mbili; mmoja amwambie apige uzi kwa kidole, na wa pili amwambie aufyatue, bila ya kumwonyesha yeyote kati yao. Kisha na aitazame mikono yao.